Zima Hiyo Taa, Unaua Tangi

Haya jamani, leo nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe ni wa tangi la samaki. Najua wengine mtacheka: mwandishi wa habari mzima, nchi ina mambo chungu nzima, yeye amejifungia huku Mollo anapigania sanduku la kioo lenye maji na majani. Chekeni kwanza, halafu msome mpaka mwisho.

Juzi niliingia kwenye ofisi moja hapa Sumbawanga mjini, sitaitaja. Pale mapokezi wameweka tangi kubwa, refu kama dawati la shule. Ndani kuna changarawe za rangi ya waridi, majani ya plastiki, na kasri la plastiki lenye mnara. Juu yake zinawaka taa mbili, moja nyeupe na moja ya buluu, mchana na usiku. Maji yamekuwa kama mchicha uliopondwa. Pembeni kuna gogo dogo ambalo zamani lilifungiwa majani halisi, yale laini kama manyoya, lakini sasa limevikwa nyuzinyuzi za mwani mpaka halionekani. Samaki watatu wamepandisha midomo juu ya maji, wanatafuta hewa.

Nikamuuliza kaka wa mapokezi, "Hawa mbona wanahema hivi?"

Akanijibu kwa adabu zote, "Bosi amesema tutaongeza taa nyingine, dada. Na dawa ya kusafisha maji imeshaagizwa Dar."

Tutaongeza! Neno hilo ndilo limenikalisha chini kuandika. Kwa sababu kila tangi la namna hii nililoliona likifa, limeuawa na neno hilo hilo. Maji yakichafuka, ongeza dawa. Majani yakififia, ongeza taa. Likionekana tupu, ongeza samaki. Samaki wakionekana wana njaa (na samaki siku zote huonekana ana njaa), ongeza chakula. Mimi nasema kinyume chake, na nitalisimamia: tangi la mosi hutunzwa kwa kupunguza. Ukishindwa kupunguza, achana nalo, nunua picha utundike ukutani. Picha haihemi.

Kwanza tuelewane maneno. Mosi ninayosema hapa si ile ya mosi, pili, tatu. Ni ile mimea mifupi, laini, ya kijani, inayoota juu ya mawe na magogo penye unyevu, ile inayokutelezesha ukivuka kijito. Haina mizizi ya kweli ya kunyonya ardhini. Ina vijinyuzi vya kujishikiza tu, na chakula chake inakichukua kwenye maji moja kwa moja kupitia majani. Inayouzwa zaidi kwa matangi huitwa mosi ya Java, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki. Mwenzake mkubwa ni anubiasi, mmea wa majani magumu ya kijani kibichi, wa kwetu Afrika huko magharibi na kati, Kameruni na Kongo, ambako huota kandokando ya vijito chini ya kivuli cha msitu.

Kivuli. Hebu lisome neno hilo mara mbili. Mimea hii imezoea kuishi chini ya miti mikubwa, mahali ambapo jua hufika kwa vipande vipande. Inakua taratibu mno. Anubiasi inaweza kutoa jani moja kwa wiki tatu na isione haya. Sasa wewe unaichukua, unaiwekea taa ya kiwanja cha mpira saa ishirini na nne, halafu unashangaa imeota ndevu!

Sababu yake haina uchawi. Mmea unahitaji vitu vitatu kwa uwiano: mwanga, hewa ya kaboni, na virutubisho. Ukiongeza mwanga peke yake, mosi haiwezi kuutumia wote, kwa kuwa kaboni ndani ya maji ni kidogo. Mwanga unaobaki haupotei bure. Unamfaidisha mwani, ambaye ni mwepesi, hana makuu, anakua mara nyingi zaidi ya mosi, na anakaa juu ya majani yale yale unayotaka kuyaokoa. Kwa hiyo kila ukiongeza taa unamlisha adui. Na ukimwona adui ameongezeka, unasema tangi lina giza, unaongeza taa nyingine.

Saa sita mpaka nane za taa dhaifu kwa siku zinatosha. Zinatosha kabisa. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuwaelewa watu wa mji huu. Sisi ndio tungepaswa kuwa mabingwa wa matangi ya mwanga hafifu! Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulikuwa ukitoka Zambia, na ulipokatika kule, huku sote tulitafuta mishumaa. Tangi linalotegemea taa kali na mitungi ya gesi litalia siku ya pili. Tangi la mosi likikaa gizani siku mbili halijali, mradi samaki ni wachache na hewa inatosha. Tena tuko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai mnaijua. Mwenzangu wa Dar anahangaika na maji yanayochemka kama chai. Maji yangu ya Mollo ni baridi, na maji baridi hushika oksijeni zaidi. Mosi inayapenda. Tumepewa bure kile ambacho wenzetu wananunulia mitambo, halafu tunakiharibu kwa taa.

Najua mtakayenirushia: "Mbona Amano alitumia taa kali?" Sawa, tumwongelee Amano. Takashi Amano, Mjapani, mpiga picha wa mandhari, ndiye aliyeifanya dunia iyaone matangi ya mimea kama sanaa. Kampuni yake, Aqua Design Amano, aliianzisha mwaka 1982, na alifariki mwaka 2015. Ni kweli alitumia taa zenye nguvu, na hewa ya kaboni aliiingiza kwa mitungi. Lakini alikuwa na mkasi mkononi, na maji aliyabadilisha bila kuchoka. Wewe umemwiga taa tu. Ni sawa na kijana anayenunua kofia ya dereva wa mbio za magari akadhani amejua kuendesha. Na wapo waliokwenda njia nyingine: Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu mwaka 1999 akionyesha tangi linaloweza kuishi kwa udongo wa kawaida, mimea mingi na vifaa vichache, bila mitungi ya gesi. Kwa mfuko wa mwandishi wa habari wa mkoani, nadhani mnajua nimefuata njia ipi.

Sasa nikiri dhambi yangu, maana nisije nikaonekana mtakatifu. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita sitini, fundi vioo alilitengeneza kwa gundi ya silikoni. Nililiwashia taa saa kumi na mbili kila siku. Wiki ya tano likaota mwani wa nyuzi. Badala ya kuzima taa nikapandwa na hasira ya usafi. Jumapili moja nikatoa kila kitu: nikasugua mawe, nikaosha sifongo la kichujio kwa maji ya bomba mpaka likawa jeupe, nikamwaga maji yote, nikajaza mapya moja kwa moja kutoka bombani. Liling'aa! Nikapiga picha. Asubuhi yake danio wangu sita walikuwa wamelala upande chini ya gogo.

Niliwaua mimi. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaunguza matamvua ya samaki. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa lile sifongo jeupe. Ndani ya uchafu wake walikuwa wanaishi bakteria wanaoifanya kazi nisiyoiona: wanageuza amonia inayotolewa na samaki na chakula kilichooza, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo mosi huila na samaki huivumilia. Jamii hiyo ya bakteria huchukua kama wiki nne mpaka sita kujijenga. Mimi niliifuta kwa dakika tano, kwa sababu ya kutaka ing'ae.

Tangu siku hiyo nafanya kazi kidogo kidogo, na hii ndiyo kazi yenyewe, kwa wale wanaodai eti kupunguza ni uvivu.

Kila wiki natoa robo ya maji kwa mpira mwembamba, nikivuta uchafu uliolala chini. Maji mapya yamekaa kwenye ndoo wazi tangu jana yake ili klorini ipotee. Sifongo nalikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, si bombani. Chakula ni mara moja kwa siku, kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki hakuna. Hawafi. Watakuangalia vibaya, lakini hawafi.

Mkasi ndio wenye mambo. Mosi ukiiacha inenepe, inapendeza kwa mwezi mmoja. Baadaye tabaka la chini linakosa mwanga na maji yanayopita, linageuka kahawia, linaoza, na siku moja shuka zima linabanduka na kuelea. Watu wanasema "mosi imekufa ghafla". Haikufa ghafla, uliinyima kinyozi! Ikifika unene wa sentimita mbili au tatu, naikata, na sioni huruma. Kabla ya kukata nazima pampu, ili vipande visisambae, kisha navivuta vyote kwa mpira. Kipande kimoja tu kikibaki kwenye changarawe kitaota, na baada ya miezi miwili huna tena jiwe wala gogo wala njia, una blanketi.

Na hapo ndipo uzuri unapotoka. Tangi likishakaa mwaka, huhitaji kununua chochote. Unaondoa. Unanyoa mosi ya mbele iwe fupi na ya nyuma iwe ndefu, na tangi linapata kina ambacho halina. Unaacha upande mmoja mtupu, mchanga tu, ili jicho lipate pa kupumzikia. Jani la anubiasi lenye madoa unalikata kwenye kikonyo chake. Mmea wenyewe unaufunga juu ya gogo kwa uzi wa kushonea, lile shina nene linalolala usilifukie mchangani, litaoza. Jiwe jipya unalidondoshea siki kwanza, likitoa povu lina chokaa na litabadilisha maji. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kuagizwa Dar.

Sasa nije kwa wazalendo. Wapo wanaoniambia, "Dada, unafuga danio wa Asia na mosi ya Java, na Ziwa Tanganyika liko hapo chini. Weka samaki wetu!" Hoja hii nzito, na siikwepi. Ni kweli kabisa, tuna hazina. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, na lina zaidi ya aina mia mbili za sikilidi, karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Mpenzi wa samaki wa Ujerumani anaweza kukutajia Kasanga na Kipili kama anavyotaja mitaa ya kwao, kwa sababu samaki wa huko huuzwa kwa jina la kijiji walikovuliwa. Wakati huo kijana msomi wa Sumbawanga anajua migebuka na dagaa, tena wakiwa wameshakauka. Hiyo ni aibu yetu na ninaikubali.

Lakini tangi la mosi si Ziwa Tanganyika! Chukua mfano wa trofeusi, yule aliyepewa jina la kisayansi Tropheus moorii mwaka 1898. Huyu ni samaki wa mawe na jua. Anakula mwani unaoota juu ya miamba ya ufukweni kutwa nzima. Maji yake ni ya uvuguvugu na yenye alkali nyingi, kinyume na maji baridi ya chumba changu hapa uwandani. Anaishi kwa makundi, ni mgomvi, na kwenye kasha dogo atawapiga wenzake mpaka abaki peke yake. Mosi yako ataichabanga kama mbuzi kwenye bustani. Ukimweka kwenye kivuli cha mosi kwa sababu ya uzalendo, hujamheshimu. Umemfunga. Na jike lake hutaga mayai machache tu na kuyalea mdomoni, kwa hiyo kila mmoja anayetolewa kwenye mwamba wake ana pengo analoacha. Mwenye uwezo wa kumjengea tangi kubwa la mawe, na amjengee. Mwenye lita sitini ashuke Kasanga, avae miwani ya kuogelea, amwangalie kwao. Huko nako ni kupunguza.

Wapo wengine, na hawa ndio wanaonitia hasira hasa, wanaopanda msitu wa Mbizi na mifuko ya plastiki kubandua mosi kwenye miti. Bure kabisa, wanasema. Kwanza nyingi ya ile ni mosi ya nchi kavu, imezoea ukungu na hewa. Ukiizamisha, kwa kawaida inaoza ndani ya wiki chache na kuyachafua maji. Pili, ile mosi ya mlimani ina kazi. Inanyonya maji ya mvua na ukungu kama sponji na kuyaachia polepole. Mbizi ni msitu wa hifadhi, ni makazi ya mbega wekundu, na sehemu kubwa ya milima yetu ilishabaki nyasi tupu. Unaubandua msitu ambao umepona kwa bahati, ili uoze kwenye kioo chako? Kipande kimoja cha mosi ya tangini, ukipewa na rafiki, kinajaza tangi zima kwa subira ya miezi sita. Mimi nilianza na kipande cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Na hili la mwisho si la kupamba sebule tena. Vile vipande ulivyonyoa unavitupa wapi?

Nauliza kwa sababu nimeshaona mtu akimwaga ndoo ya tangi lake kwenye mtaro, na mtaro unaingia kijitoni, na kijito hakiishii pale. Mosi ya Java huota upya kutoka kwenye kipande kidogo mno. Mnakumbuka magugu maji? Ule mmea wa Amerika Kusini ulisambazwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau, watu wenye vidimbwi vya mapambo, watu kama mimi na wewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umeshaonekana Ziwa Victoria. Miaka ya 1990 ukaziba bandari na ghuba kuanzia Mwanza mpaka Kisumu, mitumbwi ikashindwa kutoka, na ikabidi waletwe fukusi maalumu wa kuula. Ziwa hilo hilo kabla ya hapo lilishapandikizwa sangara, kuanzia miaka ya 1950, kwa nia ile ile ya kuongeza. Aina mamia ya furu zikatoweka au zikabaki majina vitabuni. Hakuna aliyekaa akapanga kuliua ziwa. Watu waliongeza kitu kizuri.

Kwa hiyo vipande vyangu navianika juani mpaka vikauke kabisa, kisha vinakwenda shimo la mboji. Maji machafu namwagilia mboga, mbali na mtaro, na mboga zinashukuru. Samaki nisiyemtaka nampa mwenzangu. Kijitoni haendi mtu.

Jioni naandikia karibu na tangi. Taa yake inazimika saa mbili usiku. Danio wanne (sikurudishia sita) wanapita chini ya gogo, na upande wa kulia hakuna kitu, mchanga tu. Wageni wangu huuliza nitaweka nini pale. Nawajibu kwamba pale pameshawekwa.

Wewe mwenye tangi la kijani kibichi, nakupa wiki moja tu. Leo zima taa, siku tatu lisiwake kabisa. Kesho mpe samaki nusu ya chakula. Keshokutwa toa robo ya maji, rudisha yaliyolala kwenye ndoo, na ng'oa nyuzi za mwani kwa mkono. Baada ya hapo washa saa sita kwa siku, basi. Usinunue kitu. Usiagize dawa. Wiki ikiisha na maji yasipoanza kukucheka, njoo Mollo unidai.

Na yule kaka wa mapokezi, kama unasoma: swichi iko nyuma ya tangi, upande wa kushoto. Niliiona. Bosi akiuliza, mwambie ni mimi.

Alamsiki.